Nyongeza ya Mzee Maeng

Watu wa soko letu hapa Sangju wakisimulia habari za ile televisheni, huanzia siku ilipokwama mlangoni, kwa sababu siku hiyo walicheka sana. Mimi naanzia nyuma kidogo. Mimi ndiye niliyesema isinunuliwe, na mpaka leo sijafuta kauli.

Kwanza mjue mnunuzi mwenyewe. Jina lake ni Bun-rye, lakini ukiulizia Bun-rye pale sokoni utazungushwa mpaka miguu iume. Ulizia Mama Won-bok, muuza tofu. Kibanda changu cha dagaa na mwani kimepakana na duka lake, ukuta wenyewe ni mbao tu, kwa hiyo akipiga chafya mimi ndiye ninayestuka. Tofu yake ni ya moto, nzito, inanukia soya kweli. Bei yake haishuki. Ukimwomba akupunguzie hata senti, anachukua kipande chako anakirudisha majini, anakuuliza kama una shida nyingine. Lakini ukilipa bila maneno, anakuongezea upawa wa machicha ya soya, au nusu kipande, au vyote viwili. "Hiyo ni nyongeza," anasema, na ukimshukuru anakunja uso.

Nimegombana naye miaka juu ya nyongeza zake. Wateja wakitoka kwake wanakuja kwangu na kunitazama mikono, wanangoja na mimi niwatupie dagaa wa bure. Namwambia, Mama Won-bok, unaniharibia soko. Ananijibu kwamba bei ni ya mwenye mali na nyongeza ni ya moyo, na vitu hivyo viwili havichanganywi. Hiyo ndiyo akili yake, na haibadiliki.

Mumewe aliitwa Jae-pil. Yeye ndiye aliyekuwa akisaga soya, mtu mpole, na alipenda kitu kimoja tu duniani baada ya familia yake, nao ni baduk, ule mchezo wa kete nyeusi na nyeupe. Kila jioni mashine ikishazimwa alimkalisha mwanawe mbele ya ubao, wakaanza, kete moja baada ya nyingine, huku Mama Won-bok akilalamika kwamba duka limegeuzwa kijiwe cha wazee. Jae-pil alipofariki tulichoma vitu vyake kama ilivyo desturi: nguo, viatu, kofia ya kiangazi. Na ubao ukaingia motoni. Mama Won-bok aliubeba kwa mikono yake mwenyewe, akiamini anampelekea mumewe kitu cha kumliwaza huko aendako. Won-bok alikuwa anasindikiza wageni. Aliporudi alikuta zimebaki kona mbili na moshi.

Alisimama pale, akaokota fimbo, akazisukuma zile kona ndani ya moto ili ziishe vizuri. Mama yake aliniambia mara moja tu, siku tunachambua mwani pamoja: "Kama angenigombeza, ningelala usingizi."

Sasa huyo Won-bok wakati huo ni mwanamieleka wa ssireum, mieleka yetu ya mchangani. Kuanzia shuleni mpaka timu ya mkoa, mwaka nenda mwaka rudi, anaingia ulingoni kwenye mchanga akiwa amefungwa mshipi wake wa bluu. Ni mzuri. Mara tatu amefika fainali ya Chuseok, sikukuu yetu ya mavuno, ile inayoonyeshwa nchi nzima watu wakiwa wameshiba, na mara zote tatu amebwagwa. Kombe la ng'ombe dume wa dhahabu hajalishika. Na mama yake hajawahi kumwona akishinda, kwa sababu ya kijinga, nasema hivi mbele yake na nyuma yake. Zile mara chache alizomwangalia, alianguka. Basi akajipa mwiko: mtoto akiwa ulingoni, yeye anageuza mgongo na kusaga soya, hata kama hakuna wa kununua. Mimi ndiye niliyekuwa nampigia kelele kupitia ukutani, kashinda, kashindwa.

"Mama Won-bok," nilimwambia, "kule ulingoni kuna jitu la kilo themanini linamvuta mtoto mshipi. Unadhani macho yako ndiyo yanayomwangusha?"

"Sijui," alisema. "Na sitaki kujua."

Mwezi wa nane Won-bok akapiga simu. Mama yake alikuwa na mikono yenye maji, akaweka simu juu ya meza kwa sauti kubwa, nami nikasikia yote bila hata kujitahidi.

"Mama, mwaka huu ndio wa mwisho. Goti limekataa. Baada ya Chuseok navua mshipi."

"Umekula?"

"Nimekula. Mama, nina ombi. Nataka uniangalie. Usingoje kuhadithiwa na Mama Ye-rim kupitia ukutani. Kaa uangalie kwa macho yako, mpaka mwisho."

"Nina sufuria jikoni," akasema, akakata simu. Sufuria gani? Jiko lilikuwa baridi.

Siku kadhaa nyongeza zake zikawa kubwa kupita kiasi, mteja mmoja akaondoka na tofu nyingi kuliko aliyonunua. Mimi nilijua kinachomsumbua. Akikataa, mwanawe anastaafu bila mama yake kumwona akishinda hata siku moja. Akikubali na mtoto akaanguka, atajilaumu mpaka kaburini, kama anavyojilaumu kwa ule ubao. Mwisho akaja kibandani kwangu, akakaa juu ya gunia.

"Televisheni nzuri inakuwaje?" akauliza.

Nilicheka. Yake ilikuwa kidude kidogo juu ya friji, mvuke wa tofu umeingia ndani miaka yote hiyo, watu wote mle wanaonekana kama wamechemshwa.

"Usicheke. Kama navunja mwiko wangu, nataka nimwone mtoto. Nisije nikamtia mkosi kwa kuangalia doa."

Binti yangu Ye-rim, anayefanya kazi Daegu, ndiye aliyetuelekeza kwenye ile programu ya simu ya majirani kuuziana vitu, ambayo kila muuzaji amepewa kipimo cha joto la tabia yake. Tukapekua. Nyingi zilikuwa takataka. Halafu ikatokea moja: inchi sabini na saba, ya hadhi ya juu kabisa, zile ambazo weusi wake ni weusi kweli, ukizima taa unadhani ukuta umetoboka. Bei ya mpya unanunulia ng'ombe na ndama. Hii ilikuwa laki tisa za won, katika majengo ya ghorofa ng'ambo ya kijito, na joto la muuzaji lilikuwa la mtu mwema.

"Laki tisa kwa kitu kilichotumika," nikasema. "Kuna namna."

"Twende tukaone hiyo namna," akasema.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa makamo, Seon-hwa, mstaarabu, anatuinamia huku akitupanguzia viti. Nyumba ilikuwa imefungashwa maboksi. Baba yake, Mzee Maeng, alikuwa amekaa juu ya boksi moja kama abiria, koti amevaa tayari. Seon-hwa alikuwa anamhamishia kwake Incheon, na ile televisheni isingeingia katika sebule yake.

Ikawashwa. Nisidanganye, ilikuwa nzuri kweli. Kulikuwa na filamu ya baharini, mawimbi usiku, na unaona kila tone. Mama Won-bok alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Anaonekana mpaka nywele za mkononi," akanong'ona, akimtaja mvuvi mmoja mle ndani. Nilijua anamfikiria nani.

Lakini mimi nilikuwa nimefundishwa na Ye-rim. "Dada," nikamwambia Seon-hwa, "hebu weka rangi moja tupu. Njano, au hudhurungi. Isiwe na picha."

Seon-hwa akashika rimoti, akasita. Mzee Maeng akasema kutoka kwenye boksi lake, "Waonyeshe. Tulikubaliana mtu akija tunamwonyesha."

Akaweka hudhurungi. Na pale katikati ya kioo, hafifu lakini wazi, kukatokea mistari. Ya kusimama na ya kulala, imepangika sawasawa, na vinukta vyake mahali pake. Ubao mzima wa baduk.

"Ni mimi," Mzee Maeng alisema. "Mke wangu alipofariki, nyumba ilinyamaza. Nikaweka ile chaneli ya baduk nikaiacha. Nalala inawaka, naamka inawaka, ubao uko palepale. Sikujua kwamba kioo kinaweza kuushika."

"Haufutiki," Seon-hwa akaongeza, uso umemshuka. "Fundi amesema mpaka kioo kizima kibadilishwe. Kwenye picha zinazotembea hauonekani sana. Unaonekana kwenye rangi tupu kama hii."

"Rangi ya mchanga," nikasema. Nikamgeukia Mama Won-bok. "Umesikia? Ya mchanga. Kitu pekee unachotaka kuangalia wewe kinafanyika juu ya mchanga. Twende zetu."

Alikuwa amenyoosha kidole anafuata mstari mmoja, taratibu, mpaka pembeni, akarudi na mwingine.

"Tunapunguza," Seon-hwa akasema haraka. "Toeni laki sita."

"Laki nne," nikasema mimi. Sikuitaka, lakini miaka yote hii sokoni, mdomo unajibu wenyewe.

"Laki nne sawa," akasema Mzee Maeng.

Hapo nikaanza kuona kwamba labda inafaa. Laki nne, inchi sabini na saba, mtu unaweza kuvumilia mistari kidogo. Nikamgusa Mama Won-bok kiwiko aseme ndiyo kabla mzee hajageuka.

"Haufutiki kabisa?" akauliza yeye. "Hata umeme ukikatika?"

"Hata ukiizima mwaka mzima, mama," Seon-hwa akasema.

"Basi nachukua. Laki tisa."

Nikamfinya. Nikamfinya kweli, penye nyama. Hakutikisika.

"Mama," Seon-hwa akasema, "baba amekubali laki nne."

"Nimesikia. Mimi ni mtu wa sokoni. Televisheni mmesema laki tisa, na nimeiona, inafaa laki tisa. Ubao umekuja juu yake. Kitu kinachokuja juu ya bidhaa ni nyongeza, na kwa ajili ya nyongeza bei haikatwi. Mkinikatia bei, mtakuwa mmeniuzia kasoro. Mimi sitaki kununua kasoro."

Mtu akiongea hivyo utamfanya nini? Nilitoka nikasimama kwenye korido nikaongea na ukuta. Niliporudi Mzee Maeng alikuwa ameshuka kwenye boksi, amesimama karibu naye, wote wawili wanautazama ule ubao.

"Kwako anacheza nani?" mzee akauliza.

"Hakuna. Alikuwepo."

Mzee akatikisa kichwa, akafunga kifungo cha koti lake. "Nilikuwa naona aibu kuiuza," akasema. "Sasa sioni."

Tulirudi na gari la nyama la Gu-sik, mchinjaji wa upande wa pili wa soko, televisheni imesimamishwa kati ya magodoro, sisi tumeishika huku na huku. Nilikuwa sijamwongelesha njia nzima. Tulipovuka kijito akaanza yeye.

"Ule wa kwanza niliuchoma. Huu hauchomeki."

Nikaacha kununa.

Basi tufike mlangoni, maana wengi wenu hapo ndipo mnapopajua. Hakuna aliyepima. Chumba cha nyuma ya duka lake kina mlango wa kusukuma wa kizamani, mwembamba, na mbele yake friji ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachua. Kitu kikaingia nusu kikakataa. Gu-sik amebaki ndani hawezi kutoka, mimi niko nje siwezi kuingia, soko zima limeacha wateja linatoa ushauri.

"Mama Won-bok," Gu-sik akasema kwa ndani, "ingekuwa nafuu kuuingiza uwanja wenyewe."

"Wewe vuta. Kinywa hakibebi."

Tukang'oa mlango. Tukatoa friji ya kimchi uani, ikakaa huko na bado iko huko. Televisheni ikasimama imeziba ukuta mzima, na kalenda na picha ya harusi vikatafutiwa mahali pengine. Walipoiona na ubao wake, watu wakaanza kunitania mimi, ati nimemsindikiza mwenzangu kununua kioo kilichochorwa. Nikawaambia wamuulize mwenyewe. Mwenyewe anakata tofu, anatabasamu peke yake.

Siku ya Chuseok asubuhi alimwandalia marehemu Jae-pil meza yake ya kumbukumbu: wali mpya, matunda, samaki, vitumbua vya songpyeon, na tofu ya usiku uleule. Won-bok hayupo, yuko mashindanoni, kwa hiyo mama ndiye aliyemimina kinywaji. Meza iliwekwa mbele ya ile televisheni ikiwa imezimwa, kwa sababu hapakuwa na ukuta mwingine.

Mchana chumba kikajaa. Gu-sik na wanawe, wauza mboga, mimi na mume wangu, kila mtu amekuja na kitu cha kutafuna. Ulingo ukatokea, mchanga wa hudhurungi, na juu yake ubao. Ulionekana wazi, nilisema.

"Mbona wanapigana ndani ya wavu?" akauliza mtoto mmoja wa Gu-sik, nami nikasikia raha ya mtu aliyeonya.

Mama Won-bok alikuwa mlangoni, mgongo ametupa, anakanda unga ambao haukuhitaji kukandwa. Won-bok akapita robo fainali. Akapita nusu fainali, goti limefungwa plasta, akamng'oa mtu mzito kama gunia la chumvi. Chumba kikapiga makofi. Mama yake anakanda.

"Laki tisa," nikamwambia, "umenunua ili uionyeshe mgongo?"

Akageuka, unga mpaka viwikoni. Ndiyo kwanza fainali inaanza. Kamera ikamsogelea Won-bok, uso wake ukajaa ukuta mzima: masikio yaliyovimba ya mwanamieleka, kovu la kidevuni, chembe za mchanga kwenye kope.

"Amezeeka," mama yake akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyepigwa.

Mpinzani alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, shingo kama kinu. Fainali ni raundi tano, mwenye tatu ndiye bingwa. Wakapiga magoti, wakashikana mishipi, wakainuka, filimbi. Sekunde chache tu, Won-bok yuko chini.

Chumba kizima kikamgeukia Mama Won-bok. Wote tulifikiria ule mwiko, hata mimi, na mimi siamini upuuzi huo. Bibi mmoja muuza figili akasema kwa upole, "Mwanangu, si uende ukaangalie jiko?"

Akaenda. Raundi ya pili Won-bok akashinda. "Kaa hukohuko!" watu wakamwitia. Ya tatu akashinda tena, kwa kumbeba yule kijana na kumzungusha mpaka miguu ikapiga hewa. Mbili kwa moja. Gu-sik akaamuru mlango uzibwe ili Mama Won-bok asitoke jikoni, lakini mlango tulishaung'oa. Ya nne ikaanza, kila mtu ameshika mwenzake, na Won-bok akateleza kwa lile goti na kuanguka ubavu.

Mbili kwa mbili. Nikaenda jikoni. Amesimama mbele ya sufuria tupu, macho ameyafunga.

"Kaanguka," nikamwambia.

"Sikuangalia."

"Ndiyo nakwambia. Hukuangalia, na kaanguka. Mwiko wako umekufa leo mbele yangu. Imebaki raundi moja ya maisha yake yote, na alikuomba wewe. Njoo."

Nilidhani atabishana. Alifuta mikono kwenye aproni, akanipita, akaingia kati ya watu, akakaa chini mbele kabisa, karibu na kioo, magoti ameyapanga kama mtu aliyefika kwa wakwe. Nikakaa nyuma yake.

Wanamieleka wakarudi mchangani. Kamera ikawa inatafuta nyuso, ikampita yule kijana, ikamshukia Won-bok amepiga goti anangoja, ikakaa kwenye mkono wake wa kulia. Kisha akafanya kitu ambacho ni kidogo mno, kwenye ile televisheni ya zamani kisingeonekana kabisa. Alinyoosha vidole viwili, cha shahada chini na cha kati juu, akavishusha mchangani polepole, akabonyeza, akavitoa. Kikabaki kishimo cha duara.

Kiliangukia pale mistari ya Mzee Maeng inapokutana? Wengine wanaapa kwamba ndiyo. Mimi sisemi, kamera ilikuwa inasogea.

"Anaweka kete," Mama Won-bok akasema.

Hakuna aliyemuelewa ila mimi. Hakuna anayeshika kitu kwa vidole namna ile isipokuwa mchezaji wa baduk. Mwanawe alikuwa anamwekea baba yake kete, pale mbele ya nchi nzima, na mama yake ndiyo kwanza anaona. Nikamshika bega, nalo likawa gumu kama meza.

Filimbi. Yule kijana alimwinua palepale. Miguu ya Won-bok ikatoka mchangani, chumba kikaguna, nikajua imekwisha. Lakini Won-bok akiwa hewani akauzungusha mguu wake ndani ya mguu wa kijana, akaung'ang'ania, akaugeuza mwili, wakashuka wote wawili pamoja, mchanga ukaruka. Nani wa kwanza kugusa? Mwamuzi akasita. Kocha wa upande ule akataka picha irudiwe.

Ikarudiwa polepole, mara kadhaa, na hapo ndipo soko letu lilipogeuka kuwa jopo la majaji. Gu-sik alikuwa amesimama kabisa, kidole kwenye kioo.

"Angalieni mistari! Kiwiko cha yule kimefika huu mstari wa chini. Bega la Won-bok bado liko juu, mistari miwili juu. Rudisheni tena. Mmeona?"

Tuliona. Bila ule ubao ungebaki ubishi wa macho, lakini sisi tulikuwa na kipimo, na tulijua matokeo kabla ya mwamuzi. Mkono ukanyooshwa upande wa bluu. Won-bok akabaki amelala chali mchangani, mikono usoni, na nyumba ya Mama Won-bok ikapasuka kwa kelele. Mume wangu alimbusu mchinjaji. Bibi wa figili alikuwa anapiga sakafu kwa viganja.

Mama Won-bok hakupiga kelele. Alimwangalia mwanawe akivalishwa joho, akipewa ng'ombe wake wa dhahabu, akimwinua juu huku analia kama mtoto. Aliangalia mpaka yakaja matangazo. Halafu akainuka, akaenda dukani, akarudi na trei nzima ya tofu, akaanza kugawa, kila mtu kipande kizima mkononi, bila sahani.

"Chukueni," akasema. "Nyongeza."

Jua halijazama simu ikaita. Akaweka mezani kwa sauti kubwa, safari hii kwa makusudi.

"Mama, uliangalia?"

"Niliangalia."

"Yote?"

"Raundi tatu nilikuwa jikoni. Ya kwanza na ya mwisho nimekuona." Akavuta pumzi. "Nimekuona unaweka kete."

Upande wa pili tukasikia mlango ukifungwa, kelele za watu zikapungua.

"Huwa naweka kila pambano," Won-bok akasema. "Tangu mwaka ule. Hakuna aliyewahi kuona."

"Ule ubao niliuchoma mimi, Won-bok. Sikuwahi kukuomba radhi."

"Mama, najua ulimpelekea baba."

"Nimenunua mwingine. Uko ukutani."

"Ukutani?"

"Njoo uone. Umekula?"

Akaja kesho yake na joho lake, soko zima likamsubiri kwenye geti. Gu-sik alimpandisha juu ya mkokoteni wa nyama uliofungwa maua, tukamzungusha kila uchochoro na ng'ombe wake wa dhahabu, mpaka kwa wauza viatu ambao huwa hatuongei nao. Nililia waziwazi na wala sikujificha.

Alipoingia chumba cha nyuma alivua viatu, akasalimu picha ya baba yake, akamwomba mama yake aweke ile rangi tupu. Ubao ukatokea. Jitu zima, joho la ubingwa begani, likasimama linautazama. Kisha akanyoosha vile vidole viwili, akagusa kona ya juu kulia, pale baba yake alipokuwa akianzia siku zote.

Mama yake, ambaye baduk haijui hata kidogo, akafuta mkono kwenye aproni, akasogea, akabonyeza kidole chake katikati kabisa ya ubao.

"Mama," Won-bok akasema, anacheka na machozi yanamtoka, "hapo huwa hapaanziwi."

"Bei nimelipa mimi," akasema. "Naanzia ninapotaka."